Karo ya Ukuta

Leo asubuhi, Kisumu, ghorofa ya pili,
feni ikipepea karatasi kuliko inavyopepea watu,
nimeletewa faili: chapa tangazo la Gazeti la Serikali.
Boma la mawe, kata ya kwetu,
lililojengwa bila udongo wala saruji,
jiwe likishikwa na jiwe kwa uzito wake tu.
Nikaandika, *Ijulikane kwa umma*,
vidole vikakwama kwenye umma.

Mimi ndio umma. Mimi nalijua.
Mwaka ule mahindi yalipokauka yakiwa mashuke
baba alilikodi lori la Ogweno.
Likaja kinyumenyume hadi kwenye mlango wa boma,
mlango mfupi ule wa kumwinamisha mwenye kiburi,
adui aingie kichwa kwanza.
Wanaume wanne, mtaimbo mmoja.
Ukuta haukuanguka kwa kishindo kama nilivyongojea.
Ulitoa vumbi kidogo, mijusi wawili
na gamba la konokono.

Safari tatu.
Mawe yakaenda kuwa kalavati ya barabara ya sokoni,
nami nikarudi shule na risiti mfukoni,
kidato cha pili, muhula wa tatu,
nikafundishwa Misri na piramidi zake,
nikapata alama sabini na moja.

Sheria ninayoichapa haina haya:
mtu asibomoe, asihamishe, asiharibu,
asichonge jina lake.
Ina faini, ina kifungo.
Inasema pia kwamba kifaa huhesabiwa cha kale
iwapo kiliundwa kabla ya elfu moja mia nane tisini na tano.
Nimemuuliza Khavetsa wa meza ya pili: kwa nini tisini na tano?
Akasema, bila kuinua macho,
si ndio mwaka waliotutangaza sisi wenyewe?

Shangazi Plista ana jiwe la kusagia, limebonyea katikati
kama mgongo wa punda mzee.
Mwezi jana Bwana Lusweti wa makavazi
alipiga magoti mbele yake na utepe wa kupimia.
"Mama, hili ni la mwaka gani?"
"La mama mkwe wa mama mkwe wangu.
Mwaka wake sijui. Sogea, unanimwagia mtama."
Akaandika: umri haujathibitishwa.
Akala uji, akashukuru, akaomba tena.

Na kile kibao cha kwanza, cha bati,
kilichosimikwa na mkuu wa wilaya mbele ya wanafunzi na ngoma,
sasa ni mlango wa banda la kuku kwa Zedekia.
Msumeno ulipita katikati ya neno.
Kimebaki NI MARUFUKU KUON,
na kuku hulala humo, wakilindwa na jamhuri.

Ukurasa wa tatu wa faili una visanduku.
Sehemu iliyosalia: theluthi mbili, pungufu kidogo.
Chanzo cha uharibifu: *wizi wa mawe.*
Wahusika: *hawajulikani.*
Mwandiko ni wa Lusweti, safi, umelala kulia.
Nimelichapa neno hilo. Nimelifuta.
Nimelichapa tena, kwa sababu bosi alipita,
na baba yuko chini ya mgomba miaka sita sasa,
na wakili wake ningekuwa nani, mimi niliyekula?

Mstari wa mwisho ni wa kawaida, upo kwenye kila tangazo:
*Mwenye pingamizi na alete kwa maandishi.*
Sina pingamizi.
Nina risiti, imekunjwa mara nne, wino umegeuka samawati hafifu.

Desemba nikienda nyumbani, boda hukata kona ya sokoni,
na kijana anayeendesha husema kila mwaka,
hapa hata mvua ya masika haipawezi, walijenga watu.
Huwa simjibu.
Huinamisha kichwa tu tunapopita,
kama mtu anayeingia mahali penye mlango mfupi.